Seva ya Sindano

Benchi la kijiwe liko nje ya duka la vifaa vya umeme, na kahawa yake ni chungu kuliko maneno yanayosemwa hapo. Jioni hiyo Sindano, fundi cherehani, alikuja amekumbatia seva yake, kompyuta ya kuhifadhia vitu, akaibwaga mbele ya wenzake hadi vikombe vikaruka. Alikuwa na hasira wiki nzima. Alichotaka ni mahali salama nyumbani pa kuhifadhi picha na sauti ya marehemu mama yake, ndugu zake wazipate popote walipo. Alichopata ni chuma kinachonguruma chumbani na kula umeme, ndani hakina kitu.

— Mmeniingiza mkenge. Prosesa kubwa hivi ya kazi gani? Mimi naendesha kiwanda?

— Usinitazame mimi, alisema Bajeti, karani mstaafu. Nilisema nusu ya pesa iende kwenye diski za kuhifadhia, tena mbili, moja ikifa nyingine ipo. Dishi ndiye aliyekujaza upepo.

Dishi, mfunga madishi ya televisheni, hakukubali.

— Diski zinanunuliwa polepole. Prosesa ndiyo moyo. Kesho unaukodishia mtaa mzima nafasi.

— Na joto lake? aliuliza Sindano.

— Iweke kwenye friji.

— Friji yangu ina maziwa ya watoto, mwehu wewe.

— Watakunywa ya moto. Ukifunga sola juu ya paa, hata benki zitakuja kukupigia magoti.

Sindano alitamani kummwagia kahawa. Pesa ya cherehani mpya ilikuwa imeishia hapo, na hata diski moja hana.

Dada yake akatokea na mtoto mgongoni.

— Kaka, sauti ya mama nitaisikia lini?

— Nikipata diski.

— Kwa sasa iko wapi?

— Si kwenye kompyuta ile ya zamani.

Alilisikia jibu lake mwenyewe. Bajeti aliinamia kikombe chake. Yeye ndiye aliyeshauri kompyuta ile iuzwe kuziba pengo la bajeti, na Sindano, kwa pupa ya seva, aliiuza na vyote vilivyokuwamo. Iliuzwa hapahapa benchini, kwa mpita njia, na alipoondoka walimcheka kwa jinsi walivyomuuzia ghali.

— Lakini tuliuza vizuri, Dishi alisema kwa sauti ya chini.

— Sijauliza bei, alisema dada. Aliyenunua ni nani?

Bei waliikumbuka wote watatu. Sindano, ambaye humtambua mtu kwa mshono wa shati lake, alijaribu kulikumbuka shati la yule mtu, akashindwa.