Viti Mia Mbili vya Kumpongeza Gavana

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

GAVANA: Dada, ni mimi.

DADA: Mimi nani? Namba hii siijui. Kama ni nyie wa kusema nimeshinda zawadi, leo mmenikuta na yangu kichwani, tena—

GAVANA: Dada! Ni mdogo wako!

DADA: Mdogo wangu ana namba yake. Halafu mdogo wangu huanza na shikamoo.

GAVANA: Shikamoo dada.

DADA: Marahaba. Haya, sasa ni wewe. Mbona unapiga kwa simu ya watu? Umeshaapa?

GAVANA: Nimeapa tangu saa nne. Hivi ninavyoongea nawe mimi ndiye Gavana wa Benki Kuu.

DADA: Hongera baba! Hongera sana! Ofisi ikoje? Ina zulia?

GAVANA: Sijaiona. Niko nje.

DADA: Nje ya wapi?

GAVANA: Nje ya Benki Kuu. Getini. Mlinzi hataki kuniingiza.

DADA: Si umwambie wewe ni gavana!

GAVANA: Nimemwambia. Akanionyesha picha iliyo ukutani, ya yule wa zamani. Akasema gavana ni huyu, wewe sharubu zako ziko wapi?

DADA: [anacheka] Yesu na Maria! Na dereva?

GAVANA: Dereva alinishusha hapa, nikageuka kufunga kifungo cha koti. Yule wa zamani akatoka na boksi lake, akapanda gari kama alivyozoea. Likaondoka. Hakuna aliyemwambia dereva kitu. Na simu yangu imo humo humo. Hii ni ya mlinzi, ameniazima huku amenuna. Anasema nisiongee sana.

DADA: Basi ongea haraka.

GAVANA: Huko nyumbani vipi? Watu wamejaa?

[Laini inakwaruza.]

GAVANA: Dada?

DADA: Mtandao huu! Nakusikia kwa mbali.

GAVANA: Nimeuliza watu.

DADA: Hema limependeza, usione. Jeupe pee. Tumeliweka barabarani kabisa, linaonekana kutoka kule kwa muuza mkaa. Na viti mia mbili nimevifuta mwenyewe, kimoja kimoja.

GAVANA: Waliokaa ni wangapi?

DADA: Mama.

GAVANA: Na?

DADA: Na fundi viatu.

GAVANA: Ah! Fundi viatu amekuja! Yule mzee nilijua tu—

DADA: Amekuja kuchaji simu. Ameona tuna waya wa spika. Amefika asilimia arobaini, akifika mia anakwenda zake.

GAVANA: Dada, hukuwaalika?

DADA: Nisiwaalike? Nimepita mlango kwa mlango tangu juzi! Nimesema ndugu yangu ameteuliwa Gavana wa Benki Kuu, karibuni tumpongeze. Kinyozi akaniuliza hiyo benki iko wapi, mbona hajawahi kuona mtu kapanga foleni. Muuza mkaa akauliza, ni yule yule au mwingine? Nikamwambia mwingine. Akasema haya, sawa tu, akaendelea kupima mkaa wake.

GAVANA: Sawa tu?

DADA: Ndivyo alivyosema. Sawa tu.

GAVANA: Magazeti yameandika lakini.

DADA: Nimeliona moja. Fundi viatu amekuja na kiatu cha mtu amekifungia humo. Uso wako uko kwenye kisigino.

GAVANA: [anashusha pumzi] Na Mama?

DADA: Mama amevaa lile gauni la zambarau. Tangu saa mbili amekaa kiti cha mbele na mkoba mapajani. Kila mtu akipita barabarani anainuka nusu. Mtu akipita moja kwa moja, anakaa tena. Anajifanya alikuwa analinyoosha gauni.

GAVANA: Dada, usiniambie hivyo.

DADA: Asubuhi ameniuliza mara tatu kama viti mia mbili vitatosha.

GAVANA: Nakuja. Gari likirudi tu, nakuja.

DADA: Weee! Usije sasa! Uje ukute viti vitupu mbele yake? Umesahau? Miaka yote aliyokuwa akiwafulia watu hawa nguo, akiwapelekea beseni kichwani, alikuwa akiwaambia: siku ya mwanangu mtakosa pa kukaa. Walikuwa wakimcheka. Sasa wewe uje ushuke kwenye gari, akuangalie usoni, ajue umeona. Bora umpige kofi.

GAVANA: Mimi sijali watu kuja au kutokuja. Ila Mama. Kwa Mama naumia.

DADA: Najua. Subiri— bango letu la pongezi linampiga Mama usoni! Upepo huu! Subiri—

[Vishindo. Bango linapasuka.]

DADA: Nimeling'oa. Lote. "Hongera Mheshimiwa Gavana" nimeikunja naikalia. Afadhali, lilikuwa limeziba picha.

GAVANA: Picha gani?

DADA: Yako, ile ya kitambulisho. Nimeikuza, nimeiweka mezani pale mbele, nikaizungushia maua.

GAVANA: Ile ambayo sijacheka?

DADA: Si mpiga picha alikukataza! Imetoka vizuri, acha. Nimeitia kwenye fremu nyeusi, ndiyo pekee iliyobaki na kioo kizima. Maua meupe. Unapendeza kama— Eh! Eh! Kinyozi huyo!

GAVANA: Anapita?

DADA: Amesimama! Anaangalia picha. Amevua kofia!

GAVANA: Kweli?

DADA: Ameshika kichwa! Anarudi mbio kwake... anafunga duka! Mdogo wangu, kinyozi anafunga duka! Mtu huyu hakufunga hata siku aliyooa!

GAVANA: Nilijua tu. Watu wanahitaji muda, dada. Jambo la kitaifa lina—

DADA: Muuza mkaa huyo na wenzake wanne! Wamejifunga vitenge viunoni! Fundi cherehani naye na mke wake. Jamani, barabara inajaa! Mama amesimama! Amesimama kabisa, safari hii si nusu! Wanamkumbatia!

GAVANA: Anacheka?

DADA: Meno yote nje! Mmh, ngoja nikuwekee spika, usikie mwenyewe.

[Kwa mbali, kelele za watu wengi. Sauti moja kali ya mwanamke inapanda juu ya zote.]

GAVANA: Dada, nani anayepiga yowe?

DADA: Muuza mkaa.

GAVANA: Ameumia?

DADA: Furaha hiyo. Kuna watu furaha yao— Subiri kidogo.

GAVANA: Dada? Dada! ... Ndiyo bwana mlinzi, namaliza sasa hivi... Dada!

DADA: [kwa kunong'ona] Nimejificha nyuma ya spika. Nikwambie kitu, usipige kelele.

GAVANA: Sema.

DADA: Umekufa.

GAVANA: Nini?

DADA: Huku kwetu umekufa. Ndiyo maana wamekuja.

GAVANA: Mimi?

DADA: Hema barabarani ni mambo mawili tu, harusi au msiba. Bibi harusi hawamwoni, picha na maua wameviona, wakajumlisha.

GAVANA: Lakini hema lipo tangu asubuhi!

DADA: Asubuhi kulikuwa na bango, wakadhani ni mkutano. Mkutano nani anauhudhuria? Muuza mkaa ameniuliza sasa hivi, uliugua au ni ghafla?

GAVANA: Ukamjibu nini?

DADA: Ghafla.

GAVANA: Dada!

DADA: Ilinitoka! Mtu ananililia begani, nimwambie nini? Samahani, hajafa, ameteuliwa?

GAVANA: Waambie ukweli! Sasa hivi! Nenda kwenye kipaza sauti useme, ndugu zangu, kumetokea— Ndiyo, bwana mlinzi? ... Ndiyo, msiba. ... Nyumbani, ndiyo. ... Mtu wa karibu sana.

DADA: Anasemaje?

GAVANA: Amefungua geti.

DADA: Eti?

GAVANA: Amefungua geti, ameniletea kiti na maji ya kunywa. Anasema pole mzee wangu, ongea tu, salio lote ni lako.

DADA: [anacheka mpaka anakohoa] Ugavana haukufungulii geti, msiba umekufungulia!

GAVANA: Haichekeshi.

DADA: Inachekesha. Sikiliza, fundi cherehani amechukua kipaza sauti. Nasogeza simu. Nyamaza usikie.

[Mkwaruzo. Sauti ya mtu mzima inasikika, haieleweki vizuri.]

GAVANA: Anasema nini? Nasikia "Chaki, Chaki."

DADA: Ndiyo wewe! Hapa hakuna anayesema Gavana. Anasema Chaki ndiye aliyewafundisha watoto wake wote watano kujumlisha, pale kwenye ukuta wa nyumba yake, na wa watu wengine pia, kila jioni, bila kuitwa. Anasema tangu hapo amepaka rangi nyumba mara mbili. Pale penye namba zako amepazunguka na brashi.

[Glasi ya maji inawekwa chini.]

DADA: Upo?

GAVANA: Nipo. Hajawahi kuniambia.

DADA: Hukuwahi kufa.

GAVANA: [anapenga kamasi] Endelea. Nani sasa?

DADA: Kinyozi. Analia mpaka haeleweki. Anasema Chaki alijitosa mtaroni siku ya mafuriko akamtoa mtu.

GAVANA: Uongo! Niliyetumbukia ni mimi, na aliyenitoa ni yeye!

DADA: Mwache, amekupa. Eh, kuna mmoja anauliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani.

GAVANA: Haya! Mwambie!

DADA: Kajibiwa, benki. Anauliza, dirisha namba ngapi?

GAVANA: Dada, inatosha. Waambie. Siwezi kukaa hapa nasikiliza watu wazima wakinililia nami nakunywa maji.

DADA: Mama amezungukwa na watu pande zote. Viti vimeisha, mdogo wangu! Kuna watu wamesimama! Wamekosa pa kukaa, kama alivyosema! Umwache nusu saa tu. Nusu saa. Unamnyimaje mamako nusu saa?

GAVANA: Yeye anajua?

DADA: Anadhani wanalia kwa furaha. Anawapigapiga mgongoni, anawaambia basi, basi, jikazeni.

GAVANA: [anacheka na kulia pamoja] Haya. Nusu saa. Halafu—

DADA: Mungu wangu.

GAVANA: Nini tena?

DADA: Kinyozi amepiga magoti mbele ya Mama. Anamuuliza tunazika lini.

GAVANA: Mzuie!

DADA: Ameshauliza. Mama ameshika mkoba wake. Anaangalia picha... anayaangalia maua. Sasa ananitafuta mimi.

GAVANA: Mpe simu! Mpe simu anisikie!

DADA: Amechukua kipaza sauti.

[Kelele zinakatika ghafla.]

GAVANA: Anasema nini? Dada! Simsikii!

DADA: Anasema... "Mwanangu hajafa. Amepewa kazi."

GAVANA: Na wao?

DADA: Mmoja kauliza, kazi tu? Mama anasema, kazi kubwa, Benki Kuu. Wanaangaliana.

GAVANA: Wanapiga makofi?

DADA: Muuza mkaa anafungua kitenge kiunoni. Amenuna huyo! Anasema amewaacha wateja. Kinyozi anajipangusa magoti. Wanaondoka, mdogo wangu. Mmoja ametazama saa. Fundi cherehani amemshika Mama mkono, amesema tunashukuru Mungu, naye ameondoka, ana gauni la mtu la kumaliza leo.

GAVANA: Wote?

DADA: Fundi viatu yupo. Asilimia tisini na nane.

GAVANA: Mama amekaa?

DADA: Amesimama. Anakuja huku, anataka simu. Nitamwambia nini? Mama, mimi niliku— haya, huyu hapa.

MAMA: Haloo? Chaki?

GAVANA: Shikamoo Mama. Mama, nisamehe. Hatukupanga, ni—

MAMA: Marahaba. Umekula?

GAVANA: Bado.

MAMA: Uliyasikia waliyokuwa wakisema?

GAVANA: Niliyasikia.

MAMA: Na mimi. Mambo hayo mtu huwa hayasikii mwanawe akiwa mzima. Mimi nimeyasikia, na jioni nitakuona. Ila ile ya mtaroni kinyozi amezidisha.

GAVANA: Nilitumbukia mimi, Mama.

MAMA: Najua, niliyekukausha ni nani? Walijaa, unajua. Kuna waliosimama.

GAVANA: Dada ameniambia.

MAMA: Mia mbili vilikuwa vichache, nilisema. Sasa vipo vyote. Njoo mwanangu. Utachagua mwenyewe pa kukaa.

GAVANA: Nakuja, Mama. Nakuja hata kwa miguu.

MAMA: Njoo na mtu basi, ofisi yote hiyo haina mtu?

GAVANA: Sijafika ofisini. Kuna mlinzi hapa. Ameomba ruhusa ya msiba, anasema lazima anisindikize, hawezi kuniacha peke yangu. Nataka kumwambia kwamba—

MAMA: Ulimwambia amekufa nani?

GAVANA: Mtu wa karibu sana.

MAMA: Basi mlete hivyo hivyo. Usimwambie kitu mpaka awe amekaa.

GAVANA: Lakini Mama, si ni—

[Salio limekwisha.]