Fundi Aliyejipunguzia Suruali

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi kitinda mimba na fundi mwenzake, kuwasomea maisha ya kaka yetu, mtaani mkimwita Sentimita, na atakayecheka asione haya, maana marehemu angewatangulia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akamaliza shule ya msingi mwaka 1972, na mwaka uliofuata akaketi kwenye cherehani, asiinuke kwa miaka hamsini. Tarehe 6 Oktoba 1984 alimwoa shemeji yetu, aliyekuja dukani kupunguziwa gauni, akapimwa mara tatu bila sababu ya kueleweka, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya utumbo, akaanza kuwekewa dripu za dawa, chakula kikamshinda, akidai kila kitu kina ladha ya pini, na hapo hakuna wa kumbishia, kwani pini alizishika mdomoni tangu ujana. Kila tulipotoka alijipunguzia suruali kwa siri, nguo zikawa zinamkaa sawasawa, nasi, mafundi wazima wenye futi shingoni, tukamsifu kwamba ugonjwa haujamgusa. Kliniki walipomwonya kuwa akizidi kukonda dawa zitasimamishwa, alishona vipande vya vyuma vya pazia ndani ya koti ili uzito uongezeke, akapanda mizani kifua mbele, hadi muuguzi alipompokea koti alitundike, nusura limwangushe.

Mtaalamu wa lishe alitukalisha wote, akasema mwili wenye njaa hauzihimili dawa hizo, basi ale kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, mayai, maziwa, karanga za kusaga, hamu iwepo isiwepo. Shemeji akatwaa futi, akawa anampima kiuno kila Ijumaa mbele ya wanawe, kilo nne zikarudi, matibabu yakaendelea, tukapata naye mwaka mzima ambao nusura tuupoteze kwa uzembe wetu, na hilo linaniuma.

Baadaye ugonjwa ulimzidi. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024 alimaliza kikombe cha uji, akaomba cha pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu augue, shemeji akakimbilia jikoni akiimba, na aliporudi nacho kaka alikuwa ameshatutoka.

Tunawashukuru madaktari, yule muuguzi na mtaalamu wa lishe, majirani walioleta mayai mpaka tukakosa pa kuyaweka, na mafundi wenzetu waliomalizia kazi za wateja wake.

Kaka, pumzika kwa amani, umeondoka na hamu ya kula.