Chai Niliyoiombea Nyumbani Kwangu

Bwana asifiwe, watu wa Tawa! Asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza mmeitikia kama watu waliolala njaa. Mimi ni Mama Mumo, mjane wa Kioko. Pasta ameniomba nishuhudie kwa upole, na nitajaribu. Lakini ndugu zangu, ushuhuda huu una hasira ndani yake, na sijui kuutoa bila hasira yenyewe kumwagika kidogo.

Mimi na Kioko tuliokoka pamoja, kwenye mkutano mmoja, tukiwa hatuna hata kitanda. Tulifyatua matofali wenyewe, tukayachoma wenyewe, tukajenga nyumba ile mnayoiona mkipanda kilimani. Kioko akachimba kisima. Alichimba mpaka mgongo ukamshinda na hakupata maji. Bado alikuwa akikisifu, ati Bwana hajakisahau. Halafu akaugua, akafa, tukamzika pale pale kando ya kisima chake. Nikabaki na watoto watatu.

Shamba lile, wakati wa kupima ardhi, liliandikwa kwa jina la kaka yake mkubwa, Nzioka, kwa niaba ya ndugu wote. Mnajua siku zile zilivyokuwa. Kioko alikuwa kibaruani Mombasa, na mtu alimwamini kaka yake.

Basi shemeji yangu huyu akaja kutoka Machakos na pikapu, miaka ile ya themanini wakati ukame ulikuwa umetukausha wote. Hakunisalimia vizuri. Akazunguka nyumba akigonga kuta na kidole. Akasema anauza, na mnunuzi ameshapatikana, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Mutomo aliyechoka na jua la kule. Nikamuuliza mimi na watoto tutaenda wapi. Akasema hayo yatazungumzwa baadaye. Kwanza nyumba ipambwe, kwa sababu hakuna mtu atanunua nyumba inayonuka moshi wa mjane.

Ndugu zangu, alisema hivyo! Mbele ya watoto wa ndugu yake!

Kukaanza mapambo. Kuta zikapakwa chokaa. Sakafu ikapigwa rangi nyekundu, nikakatazwa kuikanyaga mimi niliyeimwaga saruji yake. Matawi ya maua yakakatwa mahali yakachomekwa ardhini bila mizizi, yakamwagiwa maji, ukiyaona kwa mbali unasema hawa watu wana bustani. Mbuzi wa watu wakaletwa kujaza zizi. Picha ya Kioko ikatolewa ukutani. Watoto wangu wakapelekwa Zombe kwa dada yangu, ati nyumba yenye watoto haikai safi. Na kisima! Wakabeba maji ya mtoni kwa punda, pipa baada ya pipa, wakayamimina kwenye kisima kikavu cha marehemu ili mtu wa Mutomo achungulie aone maji yanang'aa. Mwaka ambao watoto wetu walikuwa wakinyimwa maji ya kunawa uso!

Bado kaburi. Nani atanunua shamba lenye kaburi bichi la mtu asiyemjua? Nzioka akaleta kuni, akazipanga juu ya mume wangu, rundo zuri lililonyooka, kama kuni za mkutano wa injili. Nilisimama mlangoni nikitazama. Nilitaka kuokota jiwe. Nasema ukweli mbele ya madhabahu, jiwe lenyewe nilishaliona.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Hizo sofa alizopamba nazo zilitoka wapi? Zilitoka kwa mzee wa kanisa hili! Mapazia je? Dada mmoja aliyeokoka aliyaleta mwenyewe, akayatundika, na simtaji jina, amefunga kitambaa cha kijani leo. Wote walijua nyumba ni ya nani. Nilipowalilia waliniambia, "Mama Mumo, nyamaza, mwachie Mungu." Yaani niwaachie wao sofa, na Mungu nimwachie machozi! Hilo neno zuri mmelifanya kifuniko cha sufuria. Likishafunika, hakuna anayeuliza ndani kuna nini.

Siku ya mgeni ikafika. Asubuhi Nzioka akanipa aproni, akaniambia nitakuwa mfanyakazi wa nyumba, nipike chai na nisifungue mdomo. Akanitisha kwamba nikimharibia, watoto hawatarudi kutoka Zombe. Nikavaa aproni. Niliomba jikoni lakini maneno hayakutoka, ni kuugua tu. Mwishowe nikasema, Bwana, mimi sina wakili, sina kaka, kanisa nalo limempa Nzioka sofa. Unioneshe mlango.

Mgeni akaja na mke wake. Watu wazuri, wazee, wenye vumbi la safari. Nzioka akawatembeza. Aliwaonesha kisima, mzee akafurahi mpaka akapiga makofi. Aliwaonesha mbuzi wa watu. Waliporudi sebuleni akaona ayapambe hata mambo ya Mungu. Huyo mtu ambaye hakukanyaga kanisa tangu harusi yake akasema boma hili ni la wokovu, hapa hakuna pombe, hapa hata mfanyakazi ameokoka.

Mke wa mgeni akafurahi. Akanigeukia na kuniita mwaitu, yaani mama. Hakuna aliyeniita kwa heshima tangu mapambo yale yaanze. Akasema, "Basi, mwaitu, wewe ndio utuombee hii chai."

Nzioka akacheka kidogo. Angekataaje? Ameshasema nimeokoka! Akaniambia, "Omba. Omba fupi."

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Mtu akiomba, macho yanafungwa na hakuna wa kumkatiza, hata kama ni mtoto, hata kama chai inapoa. Mlango wangu ulikuwa huo!

Nikaanza kwa kushukuru. Nikamshukuru Mungu kwa wageni hawa na safari yao. Nikamshukuru kwa nyumba hii aliyonipa mimi na mume wangu Kioko, kwa matofali tuliyoyachoma kwa mikono yetu. Nikasikia kikombe kinagonga sahani. Nikamshukuru kwa watoto wangu watatu walioko Zombe, nikasema awalinde mpaka warudi kwao. Nzioka akakohoa. Nikamshukuru kwa kisima, kwamba hata bila tone la maji kilikuwa jasho la mume wangu, na nikaomba awabariki wale punda waliobeba maji ya kukijaza.

Hapo Nzioka akapaza sauti: "Amina!"

Na yule mama wa Mutomo, macho yakiwa bado yamefungwa, akamwambia, "Wewe ngoja. Hajamaliza."

Haleluya! Nikaendelea. Sasa nilikuwa nalia. Nikasema, Bwana, umkumbuke Kioko wangu aliyelala pale chini ya kuni. Basi. Nikaibariki chai, nikasema Amina.

Hakuna aliyekunywa. Mzee aliinuka, akaenda kwenye rundo la kuni, akaondoa moja, akaondoa nyingine, mpaka akauona msalaba wa kaburi. Akavua kofia. Kisha akamgeukia shemeji yangu akamuuliza, "Ulitaka nijenge juu ya ndugu yako?" Nzioka akasema mambo mengi sana. Mke wa mgeni alikuwa ameshakuja kunifungua aproni mgongoni, kwa mikono yake.

Mzee huyo hakurudi Mutomo siku hiyo. Alikwenda mwenyewe kwa wazee wa ukoo wetu, mtu wa mbali akawaamsha watu wa karibu! Wakakaa, wakamwita Nzioka, na sehemu ya Kioko ikakatwa ikaandikwa kwa jina langu. Watoto wakarudi wakakanyaga ile sakafu nyekundu wapendavyo. Nzioka mpaka leo hajaniambia pole. Kisima nacho bado ni kikavu, sitawadanganya kwamba maji yalitoka. Lakini nalala kwangu, na kaburi la mume wangu liko wazi, lina jua.

Asante Yesu! Wewe uliyenijibu nikiwa na aproni!

Ndugu zangu, nawaalika mumtumaini huyu Mungu. Lakini msije mkaniambia kumtumaini ni kufunga mdomo. Kama yuko hapa mama anayepakiwa nyumba yake rangi bila kuulizwa, aliyeambiwa akae jikoni, nakuambia Mungu anakusikia. Simama uombe, mama. Omba kwa sauti, utaje kila kitu kwa jina lake, na wakikuharakisha kwa Amina yao, wewe usiitikie mpaka umalize.