Utakwenda Kupiga Kura Saa Ngapi?

Mheshimiwa Meya wa mji wetu. Ndugu Msimamizi wa Uchaguzi. Mkunga Mkuu wa zahanati yetu, ambaye nikianza kukushukuru hatutatoka humu leo. Viongozi wa dini. Waokaji mikate wenzangu mliokuja na aproni zenu bila hata kubadilisha. Ndugu wahitimu sitini mnaopewa vyeti vya uhamasishaji wa wapiga kura. Na wewe baba watoto, uliyekaa karibu na mlango ukidhani sikuoni: salamu zangu zimfikie kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo apokee mbili.

Nimepewa dakika kumi niseme nilichokiona kwenye uchaguzi wa nchi jirani. Dakika kumi! Nilirudi wiki tatu zilizopita na mpaka leo sijanyamaza, waulizeni wanaokaa nami. Mlisikia wenyewe redioni. Nchi ile watu walikuwa wamezoea kubaki nyumbani siku ya kura, wakijitokeza wanne kati ya kumi, na wengine wakisema mambo yameshaamuliwa huko juu. Safari hii walijitokeza wanane kati ya kumi, na serikali iliyokaa madarakani muda mrefu kuliko umri wa wengi waliokuwa foleni ikaondoka kwa karatasi tu, bila jiwe kurushwa. Nilikuwepo. Niliiona foleni ikizunguka soko, ikapita mbele ya posta, ikarudi karibu na ilikoanzia, mpaka watu wa mwanzo wakawa wanawatania watu wa mwisho. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahia uchaguzi wa watu.

Lakini kabla sijawasifu wao, niseme letu.

Miaka mitatu iliyopita, baraza la mji lilituuliza wakazi kwa kura: wodi ya wazazi ibaki kwenye zahanati yetu, au ihamishiwe hospitali kuu, ng'ambo ya daraja? Sisi waokaji tulitaka ibaki. Tukasema siku ya kura hakuna atakayesimama foleni na njaa. Nani alipanga zamu? Mimi hapa. Nikaweka zamu mbili kwa mpigo, watu wote arobaini na mmoja. Tulioka tangu alfajiri, tukagawa mikate kituo hadi kituo, watu wakala, wakatubariki, wakapiga kura. Tulipomaliza kuosha trei ya mwisho ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, na vituo vimefungwa tangu kumi na moja. Tukatazamana vidole. Vyote vimejaa unga, hakuna hata kimoja chenye wino.

Kinyozi hajinyoi, waliosema hivyo walituona. Kesho yake matokeo yakabandikwa: tumeshindwa kwa kura kumi na tisa. Kumi na tisa, ndugu zangu, na sisi tulikuwa arobaini na mmoja. Nilikaa juu ya gunia la unga nikalia kama mtoto.

Wodi ikahamishwa. Mwaka uliofuata binti yangu akashikwa na uchungu saa nne asubuhi, magari yamejazana darajani, na mjukuu wangu akazaliwa ndani ya gari letu la mikate, katikati ya kreti. Mnamcheka mkimwita Kreti, na mwenyewe akiitwa hivyo anaitika, sina neno. Ila mama yake alivuja damu mpaka midomo ikawa myeupe. Kama Mkunga Mkuu asingekimbia kwa miguu kutoka zahanati mpaka pale darajani, leo ningekuwa na mjukuu bila binti. Binti yangu yupo, kakaa mstari wa pili. Ana mimba ya miezi minane. Na Jumapili ya wiki ijayo swali lile lile linarudi kwenye karatasi ya kura: wodi irudi, au ibaki huko huko? Mheshimiwa Meya ameahidi mbele yenu kwamba tukishinda, milango itafunguliwa ndani ya wiki mbili. Hesabu ya miezi mnaijua.

Ndiyo maana wifi yangu aliponipigia simu kuniambia, "Wifi, njoo uone watu wanavyoamshwa," sikuuliza nauli.

Wifi yangu anaishi huko nchi jirani, ni fundi cherehani. Nilidhani nitakuta maspika, mabango, nyimbo. Vilikuwepo, na yeye hakuvibeza. Lakini alinikalisha kwenye kibanda chake akasema, "Bango linapiga kelele kwa wote, kwa hiyo halimsemeshi yeyote." Mteja akija kupimwa, anamzungushia futi kiunoni, na akishamzungushia hamwachii. Anauliza: "Kadi yako ya kura iko wapi sasa hivi? Utakwenda saa ngapi? Mtoto utamwachia nani?" Hamuulizi atampigia nani, hilo si lake. Mteja mpaka ataje saa. Akitaja, wifi anaiandika kwenye karatasi ile ile ya vipimo, kifua, kiuno, saa mbili na nusu.

Akaja dereva wa lori, jeuri kidogo, akasema, "Mama, kura yangu moja itabadilisha nini?" Wifi hakuinua hata macho. "Na kifungo kimoja cha suruali yako kikikatika mbele ya wakwe, kitabadilisha nini?" Dereva akataja saa.

Kila fundi wa mtaa ule alikuwa na watu wake. Wauza mboga vivyo hivyo, walimu vivyo hivyo. Ndugu wahitimu, mtu haamki kwa sababu ameambiwa kura ni haki yake, hilo analijua. Anaamka kwa sababu mtu anayemfahamu amemuuliza saa, na atamuuliza tena kesho yake. Cheti mnachopewa leo kina thamani gani kama hamjamuuliza hata jirani wa ukuta kwa ukuta?

Sasa sikieni aibu yangu ya pili. Asubuhi ya siku yao ya kura, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikamtolea wifi ratiba yetu ya safari hii nimwonyeshe tulivyojipanga. Akaisoma, akaisoma tena. "Wifi," akasema, "siku ya kura umeandika zamu mbili." Nilikuwa nimerudia. Naapa, nilikuwa nimerudia kosa lile lile kwa mwandiko wangu mwenyewe, na binti yangu akiwa na tumbo. Akanirudishia ratiba, akafunga kibanda, akatoka kwenda kupiga kura. Mafundi wenzake walikuwa wameshatangulia.

Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wetu wa moto, huyu tunayemwita Bwana Tanuri. Nikamwambia siku ile hatuwashi. Akaniambia, "Mama, tanuri hili halijapoa miaka kumi na moja. Likipoa ghafla matofali yanaweza kupasuka." Ni kweli, na hakuna anayelijua tanuri kumshinda. Nikamjibu, "Likipasuka tutalijenga. Binti yangu nikimpoteza nitamjenga kwa matofali gani?" Halafu akasema, "Nitalizima mwenyewe, taratibu, kuanzia Ijumaa. Asiliguse mtu mwingine."

Kwa hiyo, Mheshimiwa Meya, wageni waalikwa, wateja wetu wapenzi, nimesimama hapa kuwatangazia jambo ambalo wengi wenu hamjawahi kulisikia. Jumapili ya wiki ijayo hakutakuwa na mkate katika mji huu. Naona mnanong'ona. Nong'oneni, halafu mnunue Jumamosi. Mkija dukani mtakuta kufuli. Waokaji arobaini na mmoja tutakuwa kituoni saa moja kamili, tumeshanawa mikono, na wa kwanza kwenye foleni ni binti yangu, kwa sababu anayezaa ndiye aliye na haraka kuliko sisi sote.

Nawashukuru kwa subira yenu. Na sasa, kabla hamjainuka, kila mmoja amgeukie aliyekaa kushoto kwake amuulize atakwenda saa ngapi.