Miavuli ya Taasisi na Mikono ya IaKubak

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha lori lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani nje ya soko la mji wetu wa Kokopo. Mbele yake ipo meza ya IaKubak yenye mabirika mawili ya kahawa, popoo, tambuu na chokaa. IaKubak alihamia hapo mwaka ule jivu la volkano lilipoifunika Rabaul, mji wa jirani, na nyumba yake ikiwemo, na hajahama tena. Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu, imesimama Taasisi ya Kimataifa ya Kuwezesha Biashara kati ya Chumi Zinazotofautiana: ghorofa mbili, vioo vitupu, bendera kumi na moja. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, siku ya ufunguzi rasmi. Jumatatu yake Taasisi ilikuwa imemletea IaKubak barua kwamba ikifika Ijumaa meza na kiti viondoke, magari ya wageni yapate pa kuegeshwa. Barua aliiweka chini ya birika, isipeperuke. Mimi nilikuwa karani wa mnada wa kakao hadi nilipostaafu, na hapa wananiita Karani.

Tulikuwa watatu kama kawaida. Kulia kwangu Redio, jina lake ToKiala, mtu asiyepitwa na habari, lakini hajawahi kuipata iliyo sahihi. Kushoto mjomba wake ToVarpin, tunayemwita Askofu kwa kuwa alikuwa katekista. Askofu ana methali ya kila jambo, na sijawahi kuona hata moja ikiingia mahali pake.

REDIO: Haya, nani anaweza kuniambia mle ndani wanafanya nini?

ASKOFU: Biashara. Si imeandikwa mlangoni.

REDIO: Biashara gani haina mzigo, mjomba? Miezi mitano nawaangalia. Hakuna gunia lililoingia, hakuna lililotoka. Mtu anaingia na makabrasha, anatoka na makabrasha.

MIMI: Wanawezesha.

REDIO: Wanamwezesha nani?

ASKOFU: Haraka haraka haina baraka.

REDIO: Hapa nani ana haraka, mjomba?

ASKOFU: Nimesema mapema, isije ikapotea.

REDIO: Sikilizeni niwape ukweli. Hawa wamefuata kete zetu. Huko kwao hawaelewi watu wananunuaje karanga kwa kete za baharini zilizotungwa kwenye ufito, wanaoa kwazo, wanazikana kwazo, na benki haijui. Wanakosa usingizi kabisa. Basi wanatafuta mtambo wa kusikiliza kete zikigongana ndani ya nyumba ya mtu.

MIMI: Ili iwe nini?

REDIO: Wajue tajiri ni nani.

ASKOFU: Hapana. Wamefuata mlima. Fikirini kidogo. Wao kwao baridi, sisi joto. Hizo ndizo chumi zinazotofautiana. Watalaza bomba chini ya bahari kutoka mdomo wa volkano mpaka kwao, wawe wanaota moto wetu.

REDIO: Na sisi tunapata nini?

ASKOFU: Bomba la kurudi. Barafu.

REDIO: Hapo umesema, mjomba. Samaki haozi tena.

MIMI: Na barafu ikipita karibu na bomba la moto?

ASKOFU: Ndiyo maana wanahitaji Taasisi.

Tulicheka mpaka kiti kikatoa mlio. IaKubak hakucheka. Alikuwa anafuta meza ambayo alishaifuta.

IAKUBAK: Endeleeni kuuza moshi, wanangu. Mimi kesho nauzia wapi?

Redio aliinamia kikombe chake, Askofu akapekua popoo bila kuchukua hata moja. Mimi niliona uchungu, na zaidi niliona aibu. Mama huyu ametukopesha kahawa na kutuvumilia kwa miaka yote hiyo, na wanaume watatu hatukuwa na la kumpa isipokuwa bomba la barafu.

Hapo gari la hoteli likasimama mbele ya lango la Taasisi, limejaa masufuria ya karamu ya mchana. Dereva alishuka na mashine ya kadi mkononi, akaipiga kofi, akainyanyua juu, akazunguka nayo kama mtu anayetafuta njia. Baadaye alipanda garini, akageuza, akaondoka na masufuria yote.

REDIO: Mtandao umekufa. Mji mzima. Nimesikia toka saa moja.

MIMI: Leo umepatia.

REDIO: Hata mimi nashangaa.

ASKOFU: Paka akiondoka, panya hutawala.

REDIO: Paka ni nani sasa, mjomba? Mtandao?

Kabla Askofu hajatueleza paka wake, mkurugenzi mwenyewe alitoka langoni. Dokta Halvorsen ni mrefu, milango yetu yote anaiingia kwa kuinama. Ana miaka miwili hapa na lugha yetu anaisema kwa kujikwaa, lakini anaisema. Alivuka barabara bila kuangalia magari, akasimama mbele ya meza ambayo barua yake mwenyewe ilikuwa imelaliwa na birika.

DOKTA: Habari za asubuhi, mama. Samahani. Nina wageni tisini. Nchi kumi na moja. Saa sita wanatakiwa kula, na chakula kimeondoka.

IAKUBAK: Tumekiona kikienda.

DOKTA: Hoteli haikubali bila mashine. Benki imefunga mlango. Lakini mimi pesa ninazo.

Alitoa noti mfukoni, za nchi tatu za kigeni, akazitandaza mezani. Redio aliichukua moja akaitazama juani.

REDIO: Huyu ni nani?

DOKTA: Mshairi wetu mkubwa.

REDIO: Yupo hai?

DOKTA: Alikufa zamani sana.

REDIO: Basi na yeye hawezi kutusaidia.

IAKUBAK: Ziondoe, baba, zitalowa kahawa. Mimi nakuuliza, una nini?

DOKTA: Nimesema, nina pesa.

IAKUBAK: Hizo sokoni ni makaratasi. Una nini? Una kitu gani nyumbani mwako?

Dokta alifikiri. Mtu aliyesoma sana huulizwa swali kama hilo mara chache. Alitaja meza, akataja viti, akataja vitabu elfu mbili. IaKubak alitikisa kichwa kila mara. Mwishowe alisema, kama mtu anayeungama, kwamba stoo ipo miavuli mia moja ya kuwapa wageni, mipya, mikubwa, yenye zile bendera zote.

IaKubak aligeuka akalitazama soko. Siku ile akina mama waliojaa uani, nje ya paa, walipata mia na zaidi, magimbi yao mbele, jua limewakalia utosini.

IAKUBAK: Ilete.

Miavuli ilivushwa barabara kwa mikono. Mama wa kwanza aliufungua mmoja, akakaa chini yake, akanyoosha miguu kama mtu aliyepata alichokosa maisha yake yote. Wengine walisimama. IaKubak alitangaza bei: mwavuli mmoja, pima moja ya kete. Akina mama walianza kufungua vikapu na kutoa fito zao za kete, na hapohapo ugomvi ukawaka. Sisi pima ni kifua: unatanua mikono yote miwili, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Na anayepima ni anayepokea, na leo anayepokea alikuwa Dokta.

Muuza samaki mmoja, mnene, mwenye sauti, alisema hapimiwi kwa makasia yale.

REDIO: Lakini ndiye mpokeaji. Mila ni mila.

MUUZA SAMAKI: Mila haikumjua huyu. Mtazame. Pima yake moja si yangu moja na nusu?

ASKOFU: Mkono mmoja haulei mwana.

REDIO: Anayo miwili, mjomba. Ndilo tatizo lenyewe.

MUUZA SAMAKI: Basi apime kwa mikono yangu.

MIMI: Halafu akija kununua samaki wako kwa kete zilezile?

MUUZA SAMAKI: Hapo apime kwa yake.

Soko zima liliangua kicheko, naye akacheka pia, lakini kete alizirudisha kikapuni. Wengine wakarudisha za kwao. Saa ilikuwa inakaribia tano, Dokta kafuta jasho mpaka leso imelowa, na mimi nikasema moyoni, tumekwisha. IaKubak alitoka nyuma ya meza. Ni mfupi, kwa Dokta anafika kwenye kiwiko. Alisimama katikati ya barabara akatanua mikono.

IAKUBAK: Mikono yangu. Ya kutoa ndiyo hiihii, na ya kupokea ndiyo hiihii. Asiyetaka akae na jua lake.

Muuza samaki akachomoa ufito wake.

MUUZA SAMAKI: Yako sawa, dada. Naijua tangu tungali Rabaul.

DOKTA: Mama, rudia hiyo.

IAKUBAK: Ipi?

DOKTA: Ya kutoa na ya kupokea.

Alirudia, huku keshaanza kupima. Dokta aliiandika nyuma ya hotuba yake.

DOKTA: Tumefanya mikutano kumi na minne kuitafuta sentensi hii.

REDIO: Mngekuja kunywa kahawa.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Kete zilitoka vikapuni, zikapita kifuani mwa IaKubak, zikamwagika mezani. Zilipojaa, zilipita kifuani kwake tena kurudi sokoni, na safari hii Dokta ndiye mnunuzi. Walitoka kuku, wakatoka samaki waliobanikwa, yakatoka magimbi na ndizi zilizopikwa kwa tui juu ya mawe ya moto, zikiwa bado kwenye majani yake. Redio alibeba. Mimi nilibeba, na mgongo wangu ninaujua. Askofu aliongoza msafara mikono mitupu, akisema bila kiongozi watu hupotea, hatua ishirini hizo. Mabirika mawili ya kahawa nayo yalivuka na kurudi, yakajazwa, yakavuka tena. Saa sita kasorobo wageni tisini walikuwa wamekaa, na saa sita waliacha vijiko wakatumia vidole. Mgeni rasmi aliongezewa samaki mara tatu, na mara ya tatu aliomba mwenyewe.

Huku nje, soko lilikuwa limechanua bendera kumi na moja, na chini ya kila bendera mama amekaa kivulini anauza. Niliandika minada miaka thelathini na moja na sijawahi kuona mnada ambao kila mtu alirudi nyumbani ameshinda.

Saa nane Dokta alivuka tena barabara. Koti hana, tai hana, kidevu kina mafuta ya kuku.

DOKTA: Mama, kila mtu amepata kitu. Wewe umechukua nini?

IAKUBAK: Mimi bado.

Aliinua birika, akaichomoa ile barua, akaikunjua. Ilikuwa na duara la kahawa katikati. Dokta aliliona jina lake chini ya barua, akawa mwekundu mpaka masikioni.

IAKUBAK: Mimi nataka hapa. Pima sita kwenda kule, pima nne kuja huku. Meza, kiti, na hawa wanangu wasio na kazi.

DOKTA: Ni haki. Njoo tupime. Tanua mikono, mama.

IAKUBAK: Hapana, baba. Ardhi tutapima kwa mikono yako.

Kwanza Dokta hakuelewa. Kisha alielewa, na tulimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu alipokuja nchini. Alijibandika ukutani kifua wazi, mikono imetanuliwa, Redio akaweka alama ya chokaa kwenye ncha ya kidole. Pima moja. Akasogea. Pima mbili. Soko lilihesabu naye kwa sauti. Pima ya sita ilimaliza ukuta, ikapita kibao cha maegesho, ikaishia katikati ya gari la mgeni rasmi, ikabidi dereva aamshwe alirudishe nyuma. Dokta aliandika vipimo nyuma ya barua ileile, akatia sahihi, akapiga muhuri wa Taasisi uliokuwa mfukoni mwake. IaKubak aliisoma mara mbili, akairudisha chini ya birika.

Tulikaa. Dokta naye akakaa, kiti kikalalamika, magoti yake yakamfika kidevuni. Hapo akafika mama mmoja ambaye hatukumjua, katoka milimani kwa Wabaining, kachelewa soko. Alitua kikapu cha magimbi, akafuta uso, akatazama ng'ambo.

MAMA: Nyumba nzuri ile. Wanauza nini?

Mimi nilianza kusema "wanawezesha," neno likanifia. Tulimgeukia Askofu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na methali. Basi sote wanne, na mama yule na kikapu chake, tukamtazama Dokta. Dokta aliitazama Taasisi yake, vioo na bendera zake, kisha akaigeukia meza.

DOKTA: Mama IaKubak, kahawa bado ipo?

IaKubak aliliinamisha birika. Yalitoka matone mawili.

IAKUBAK: Imekwisha, baba. Njoo kesho. Kesho Ijumaa, tupo hapahapa.