Mwalimu Romana na Darasa la Uani

Ndugu waombolezaji, mliotoka Bonga na Nakwa, nanyi mliosafiri kutoka Rombo, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Mwalimu Romana Sylvesta, naye akiwa kitandani alinionya nisimpake asali, hivyo nitamsoma kama alivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, Mkuu, Rombo, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1976, sekondari Moshi hadi 1980, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1982. Tarehe 27 Desemba 1986 alifunga ndoa na ndugu Hilary Anselm, Mungu akawajalia Remigius na Kindness, na Januari 2003, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga na Hilary amehamishiwa ofisi za mkoa kama dereva, wakahamia Babati, wakajenga Nakwa, Romana akapangiwa darasa la awali katika shule moja ya hapa mjini.

Ukutani palikuwa na chati ya wanyama, kila mnyama na kisanduku chake, vyote vya ukubwa mmoja, na siku alipouliza nani mkubwa kati ya panya na tembo, darasa zima likajibu kwamba wako sawa, naye hakucheka, aliichomoa ile chati akaikunja. Tangu hapo akawaleta wanyama wenyewe, kuku, sungura, kobe, samaki wa ziwani angali anatapatapa kwenye beseni, akachora maduara ya majivu uwanjani, hili la wanaotaga, lile la wanaozaa na kunyonyesha, watoto wakabishana popo aingie wapi, na hakuwapa jibu mpaka mmoja wao alipouliza kama mtoto wa popo ananyonya.

Juni 2005 bata bukini aliyemleta darasani alimng'ata kidole mtoto Siti, binti wa Mzee Rashidi mwenye duka, kidole kikavimba, na mzee, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kulisema hili, akaja shuleni amewaka, akasema, "Mwalimu, nimemleta mtoto ajifunze kusoma, sikumleta achunge mifugo." Romana akamjibu mbele ya walimu wote, "Baba Siti, kwa kidole nakuomba radhi, lakini somo siliombei radhi." Uongozi ukamtaka airudishe chati ukutani, akakataa, akaondolewa darasa la awali akapewa la sita, akarudi nyumbani akalia, maana aliwapenda wale wadogo, lakini neno lake hakulirudisha.

Jumamosi iliyofuata akafungua darasa uani kwake, bure, watoto wakaja, Siti naye akatoroka akaja, na Mzee Rashidi alipomfuata ili amrudishe, akamsikia binti yake kutoka nje ya uzio akimweleza mwenzake kwamba bukini ana magamba miguuni kama kobe, lakini mwilini ana manyoya na mbawa, kwa hiyo ni ndege, hata kama ana hasira. Mzee akaondoka bila mtoto, na kwenye mkutano wa wazazi ni yeye aliyesimama wa kwanza kudai mwalimu arudishwe, naye akarudishwa Januari 2006, pamoja na bukini wake, akafundisha mpaka alipostaafu Machi 2022.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na akafariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 9 Novemba 2023. Jioni moja katika wiki yake ya mwisho bundi alitua juu ya paa akalia, majirani wakaokota mawe, naye kwa sauti iliyobaki akawaambia, "Mwacheni, huyo ni ndege anakula panya, mimi naumwa saratani." Aliniagiza nilisome hilo leo, kwa hiyo atakayesema kwenye msiba huu kwamba Romana aliitwa na bundi, anambishia mwalimu, na sisi familia tutamsahihisha hapo hapo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nakwa mliomgeuza kitandani kwa zamu, walimu wenzake, na wazazi mliomwamini na hata mliomgombeza. Watoto wa awali wako pale nyuma wanapiga kelele, msiwanyamazishe.

Mwalimu Romana, pumzika kwa amani.