Jiwe Lenye Mkunjo

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao kwenye kibaraza cha Mama Pindo, fundi cherehani, na kahawa ni ya kwake, kwenye chupa kubwa yenye mfuniko uliolegea. Siku hiyo tulikuwa watano. Mama Pindo mwenyewe, anashona huku masikio yako kwetu. Breki, dereva wa lori la mawe, ambaye mdomo wake haujui kona wala tuta. Mwalimu, aliyestaafu kufundisha jiografia lakini hajastaafu kusahihisha watu. Nyundo, mchonga mawe, rafiki yangu tangu tukicheza uchi. Na mimi, fundi mwashi, wananiita Pimamaji kwa sababu sijawahi kujenga kitu kikainama. Wiki tatu nyuma, ngazi ya juu kabisa ya zahanati ilikatika na muuguzi mmoja akaanguka, akavunjika mkono. Jiwe lilikuwa la Nyundo, ujenzi ulikuwa wangu. Kamati ya zahanati ikasema jiwe ndilo bovu, kazi ya Nyundo ikasimama, na siku hiyo saa kumi walikuwa wanakaa kuamua kama asiuze tena jiwe lolote kwa jengo la umma.

— Mimi nawaambia, jiwe lile lilikuwa bichi, alisema Mama Pindo.

— Bichi? Breki akacheka. Mama, jiwe si mkate!

— Bichi! Hukuona mistari yake ilivyojikunja? Mimi nakunja kitambaa kila siku ya Mungu, sijawahi kukunja ubao. Lile lilitolewa ardhini likiwa bado laini.

— Laini, na mimi nimeligonga siku mbili nzima? Nyundo akauliza taratibu.

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata nafuu.

— Basi liliyeyuka, Breki akadakia. Huko chini kuna moto. Mlima uliyeyuka, mistari ikakorogeka kama maziwa kwenye kahawa. Na kitu kikishayeyuka mara moja, ndugu zangu, hakina uaminifu tena.

Mwalimu akavua miwani. Tukajua tumekwisha.

— Halikuyeyuka. Lingeyeyuka lote, mistari ingepotea na lingekuwa jiwe jingine kabisa. Hiyo ni miamba geu. Lilizikwa chini, kilomita nyingi, likapata joto, likabanwa huku na huku kwa mamilioni ya miaka, likajikunja likiwa gumu vilevile.

— Gumu linajikunjaje, Mwalimu? Mama Pindo akauliza.

— Polepole. Chuma cha mhunzi hakipindi kabla ya kuyeyuka? Kama kuna sehemu iliyoyeyuka ni kidogo tu, pengine ile mishipa myeupe. Halafu nchi ikainuka, mvua ikaanza kula. Miamba laini ikaliwa, ndilo bonde letu. Migumu ikabaki, ndio mgongo wa kilima anakochonga Nyundo.

— Ehee! Breki akapiga paja. Na kama mlima haujamaliza? Jiwe limepakiwa, limefika zahanati, bado linajikunja kimyakimya, muuguzi akaweka mguu, paa!

— Tena niliwahi kuligusa mchana likaniunguza, Mama Pindo akasema. Lina joto la ndani lile.

— Ni joto la jua hilo, mama, Mwalimu akasema.

— Jua gani? Jua nalijua mimi!

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilikumbuka mpaka leo nafunika uso. Nikajikohoza, nikasema:

— Inawezekana. Hata mimi wakati naliweka nilihisi lina joto lisilo la kawaida.

Uongo mtupu, mbele ya Nyundo. Nilijua fika kwa nini jiwe lilikatika. Mawe yake yana matabaka, kama kurasa za daftari. Matabaka yakilala, jiwe linabeba hata ng'ombe. Lakini pale mwamba ulipojikunja, matabaka hupinda yakasimama, na jiwe la hivyo likining'inia bila kitu chini yake, linapasuka palepale kwenye mkunjo. Siku ya kupakia Nyundo alinishika bega akaniambia, "Hili lenye mkunjo ni la kuzika kwenye msingi. Usilipandishe juu." Nikalipandisha. Nikaliweka mlangoni kabisa, nusu yake hewani, kwa sababu mkunjo ule ulikuwa mzuri na nilitaka kila anayeingia aulize fundi ni nani. Sifa, jamani. Sifa tu.

— Hodi hapo!

Alikuwa muuguzi mwenyewe, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni. Mimi nikainamia viatu vyangu.

— Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Pole na mkono.

— Nimeshapoa. Naenda kwenye kikao, na mimi ni mmoja wa kamati. Nimepita niwaulize kitu, maana ninyi ndio mafundi. Ngazi ziko sita. Mawe sita yalitoka shimo moja, lori moja. Si ndiyo?

— Lori langu, Breki akasema kwa fahari.

— Sasa mbona limekatika moja tu?

Mama Pindo akasimamisha cherehani. Mwalimu akavaa tena miwani. Kisha wote wakanigeukia mimi, tena kwa heshima, kama watu wanaomngoja mjuzi. Laiti wangenishuku! Heshima ile ilinichoma kuliko matusi.

— Mimi ndiye niliyeliweka vibaya, nikasema. Jiwe halina kosa. Nyundo alinikataza, nikaziba masikio. Nilitaka sifa. Na hilo joto nililosema sasa hivi, sikuhisi joto lolote.

Muuguzi alinitazama, nikaona ameumia upya.

— Haya utayasema mbele ya kamati?

— Nitayasema.

— Basi inuka twende.

Nikainuka. Nikamgeukia Nyundo.

— Ndugu yangu, nisamehe. Sikujua nikuambieje.

— Nilikuwa najua, Pimamaji.

— Unajua nini?

— Siku ile ile lilipokatika nilikwenda kuokota vipande. Nikaona ni lile nililokukataza.

— Mbona hukusema? Umekaa unatukanwa wiki tatu!

— Nilisema ngoja, huyu ni ndugu yangu, atakuja mwenyewe. Kila siku nakaa hapa ubavuni pako, najiambia leo ataniambia. Mpaka amekuja kuuliza aliyevunjika mkono.

Akavuta miguu yake chini ya benchi ili nipate kupita.